Apiyo na Springi ya Karatasi

Watu wakiniuliza habari za Apiyo wa Mashimoni, kule Kibera, mimi huanza na vidole vyake, maana ndivyo nilivyovijua kwanza. Tulikuwa wasichana tisa katika chumba cha kutoboa kadi, ghorofa ya pili ya ofisi moja ya kompyuta mjini, na mwaka huo wa sabini na nane hapakuwa na wa kumfikia kwa wepesi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unapewa karatasi iliyoandikwa kwa penseli, unabonyeza herufi baada ya herufi, nayo mashine inatoboa vishimo kwenye kadi. Mstari mmoja wa programu, kadi moja. Sisi wengine tulitoboa huku tukipiga domo. Apiyo alitoboa huku akisoma. Jambo hilo lilinikera sana. Tuliandikwa kazi ya kutoboa, nani alimtuma asome?

Mimi ni Wangoi. Naishi Kawangware, kwenye ploti ya mjomba wangu Naftaly Nderitu, ambaye siku zile alitengeneza makochi uani kwake. Springi za makochi hayo zilipindwa na Ogola, mume wa Apiyo. Ni mimi niliyempeleka Ogola kwa mjomba, kwa hiyo ndoa ya wale wawili niliihesabu kuwa yangu kidogo, na nikajipa ruhusa ya kuisemea. Kila asubuhi Ogola alitoka Kibera kwa miguu, akavuka Ngong Road, akafika uani kabla mjomba hajamaliza chai yake. Alikaza waya kwenye vaisi, kile kibano cha chuma cha mezani, akauzungusha kwenye paipu, akautoa ukiwa springi. Zilitoka zikiwa sawasawa zote. Mjomba, ambaye hasifu mtu, alikuwa akizipanga juu ya meza kisha anasimama tu kuzitazama.

Mwezi wa Aprili waya ulimponyoka. Ulirudi ukampiga jicho la kushoto, na huko hospitali wakaliondoa.

Tulidhani balaa limeishia hapo. Kidonda kilipona, Ogola akarudi kazini, na ndipo tulipoona yaliyobaki. Mkono wake ulinyooka kuchukua koleo ukaishia hewani. Nyundo ilitua kwenye kidole gumba. Alikanyaga ngazi ya mlango ambayo haikuwa pale alipoiweka akilini, akaanguka mbele ya wateja. "Naona kila kitu," aliniambia siku moja, amejibana kidole kwa kitambaa. "Sasa iko mbali ama iko karibu, hapo ndiyo sijui." Watu walimwambia atazoea. Mimi pia nilimwambia. Ni neno jepesi sana kwa mwenye macho mawili.

Kufika Agosti, Ogola alikuwa amekata shauri. Angerudi kwao Alego kwa basi la Jumamosi ya mwisho ya mwezi, akasaidie kuchunga ng'ombe wa kaka yake, maana ng'ombe hawapigwi nyundo. Apiyo abaki na kazi yake mjini.

"Na wewe umekubali?" nilimuuliza Apiyo tukiwa kwenye chai ya saa nne.

"Nimekataa. Lakini nitafanya nini, Wangoi? Moyo wake umeshaondoka." Alizungusha kikombe mezani bila kunywa. "Hanigusi siku hizi. Tangu hiyo ajali. Akipita karibu na mimi anaweka mikono nyuma kama mtu ameingia duka ya vyombo. Siyo jicho limemtoa hapa. Ni mimi amenichoka."

Niliwaka. Nilimwambia ningekuwa mimi, huyo mtu ningemfungia virago mwenyewe. Alirudi kwenye mashine yake. Nilijuta baadaye, lakini maneno yangu yana mazoea ya kutoka kabla sijayatuma.

Sasa, juma hilo hilo, Mulwa alikuwa na ugeni wa kuupamba. Mulwa alikuwa programa wetu, kijana wa Machakos, penseli nyuma ya sikio, anajipenda. Wakubwa walikuwa wanaleta wageni waione kompyuta, wakataka kitu cha kupendeza macho, si orodha za mishahara tu. Mulwa akaandika programu ya Fortran ya kuchora mstari unaojizungusha kwenda juu, springi hasa, ingawa yeye aliuita kwa jina refu la hesabu. Ile mashine ya kuchora, yenye kalamu inayotembea yenyewe juu ya karatasi, ingechora picha thelathini na sita, kila moja springi ikiwa imegeuka digrii kumi zaidi. Ukizibana pamoja na kuzifyatua kwa kidole gumba, springi inazunguka mbele ya macho yako.

Aliyepewa programu hiyo kuitoboa ni Apiyo.

"Kuja uone," aliniita. Alinionyesha karatasi ya Mulwa, nami nilimsikiliza kwa sababu tu alikuwa ameacha kuwa na huzuni kwa dakika mbili. Alisema kila mahali kwenye waya pana namba tatu: ya kwanza ni kwenda kando, ya pili ni kwenda juu, ya tatu ni kuja kwako au kwenda mbali nawe. Karatasi inajua mbili za kwanza tu. Hiyo ya tatu karatasi haina pa kuiweka, inaitupa. Lakini kabla haijatupwa, Mulwa anazichanganya kidogo, hii na ile, kwa saini na kosaini za hesabu, na kuchanganya huko ndiko kugeuza.

"Namba ya tatu ndiyo imempotea Ogola," nikasema, kwa mzaha.

Apiyo alinitazama mpaka nikaona aibu. Mzaha wangu haukuwa mzaha.

Wageni walikuja, wakanywa soda, Mulwa akafyatua kitabu chake cha picha hizo. Mstari ulipanda, ukapanda, ukapanda. Makofi yakapigwa. Apiyo, aliyekuwa amesimama mlangoni nami, hakupiga.

"Mbona imelala kwenye karatasi?" alimuuliza Mulwa wageni walipoondoka.

"Imelala wapi, madam? Inazunguka hiyo. Digrii kumi, kumi."

"Naona inatambaa tu."

"Macho yako hayajazoea mambo ya kompyuta," Mulwa akasema, akampa kile kitabu achukue, maana kwake kazi yake ilikuwa imekwisha.

Jioni hiyo tulitoka mimi na Apiyo mpaka Kawangware, jua likiwa bado liko juu ya mabati. Ogola alikuwa uani akipanga makonge ya kujazia makochi, kazi ambayo mjomba alimbunia ili asikae bure. Apiyo alikuwa na nia ya kumchangamsha tu, sidhani alikuwa na zaidi. Akaketi kando yake kwenye gunia, akafyatua kurasa.

"Hii ni nini?" Ogola akauliza.

"Springi."

"Springi!" Ogola alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali. "Nyar Ugenya, hii ni nyungunyungu anapanda ukuta." Alimwita hivyo siku zote, binti wa Ugenya, kwa jina la kwao, naye Apiyo akimwita wuod Alego, mwana wa Alego. "Nani alichora hii kitu? Huyo hajawahi kushika springi."

Akapapasa chini, akaipata springi moja ya zamani, akaisimamisha mbele yetu na kuizungusha katikati ya vidole, jinsi mtu anavyofungua kifuniko cha chupa. Na kweli, ukitazama mbele tu, waya ulionekana kupanda, basi. Huoni lolote jingine.

"Hivi ndivyo amefanya. Ukizungusha hivi hujui kama ni springi ama ni waya imekunjwa kwa meza. Hata nyinyi wenye mawili hamjui. Springi unaikagua hivi." Akaishika kiunoni, akainamisha mdomo wake wa juu uje usoni petu, tukachungulia ndani mpaka upande wa pili, kisha akauinua, kisha akainamisha tena. "Hapo utajua kama imenyooka. Utajua kila duara iko umbali gani na ingine."

Nilimwona Apiyo akifunika jicho lake la kushoto kwa kiganja. Akatazama springi ikiinama na kuinuka. Akabadilisha, akafunika la kulia.

"Na wewe?" akamuuliza mumewe polepole. "Unajua hizo duara ziko umbali gani?"

"Najua."

"Na jicho moja?"

"Jicho gani! Mkono ndiyo unajua. Mimi nimeishika." Akaitupa springi kwenye makonge, uso ukajikunja tena. "Jicho lilienda, Apiyo. Wacha tu."

Njiani kuelekea stendi Apiyo alinishika kiwiko kwa nguvu hata nikapiga kelele. "Si mkono," alisema. "Wangoi, mimi sikuwa nimeishika. Na nilifunika jicho. Na bado niliona iliyo mbele na iliyo nyuma, mradi tu springi inasonga."

"Basi rudi umwambie."

"Ameambiwa na watu wangapi? Hatasikia. Nataka aone kitu ambacho mkono hauwezi kusaidia."

Nilielewa nusu, na hiyo nusu nyingine kiburi kilinizuia kuiuliza.

Kesho yake, Ijumaa, alimsimamia Mulwa mezani. Akamwambia kwamba amechanganya namba ya kwanza na ya tatu, na ndiyo sababu springi inazunguka mahali pamoja kama kifuniko. Achanganye ya pili na ya tatu, itapinduka, mdomo utakuja mbele. Ni kadi mbili tu, kati ya tisini na mbili.

Mulwa akatoa penseli sikioni. Akairudisha. "Nani amekufundisha?"

"Wewe. Natoboa programu zako mwaka mzima sasa."

Natamani mngemwona. Alijikaza kiume, akasema mashine ina kazi za watu. Apiyo akasema saa ya chakula haina. Mulwa akasema wino ni wa ofisi. Hapo mimi nikaingilia, nikamwambia kama wino ulitosha kuwachorea wageni nyungunyungu, utatosha. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani naye alitaka kuona.

Apiyo alizitoboa zile kadi mbili polepole, herufi moja moja, yeye aliyekuwa mwepesi kuliko sisi sote. Akazichomeka mahali pake katikati ya fungu, akalisawazisha juu ya meza, Mulwa akalilisha mashine. Kalamu ikaanza. Springi imesimama wima. Ukurasa. Imeinama kidogo, duara zimeanza kufunguka. Ukurasa. Tulikaa pale watatu bila kula. Kufika ukurasa wa kumi tulikuwa tunatazama springi kutoka juu, duara moja tupu, kisha ikaanza kupinduka upande wa pili.

Kwenye ukurasa wa ishirini na saba kalamu ikakauka. Hilo lilikuwa kosa langu, nililikiri siku hiyo na nalikiri leo. Asubuhi nilikuwa nimefungua kifuniko cha kalamu kuangalia wino, kwa kiherehere, sikukirudisha vizuri. Mulwa alinisema, nami kwa mara moja maishani nikanyamaza. Apiyo alikusanya zile kurasa ishirini na saba, akazipanga, akazibana kwa kibanio, akafyatua. Mulwa akaomba afyatue yeye. Akafyatua mara nne.

"Madam," akasema mwishowe, bila maringo, "hii ungekuwa umenionyesha kabla ya wageni."

Jumapili nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja Mashimoni. Nilijiambia naenda kuwasalimu. Ukweli ni kwamba nisingeweza kukaa Kawangware nikisubiri kusimuliwa. Chumba chao kilikuwa karibu na mahali pa kuchotea maji, mlango ukiwa wazi, na nilipoingia niliona begi la Ogola juu ya kitanda, shati zimeshakunjwa ndani. Basi lilikuwa Jumamosi inayokuja. Begi lilikuwa tayari siku sita mapema, na hilo ndilo lililoniuma.

"Karibu, Wangoi," Ogola alisema. "Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kunywa chai."

Apiyo hakupoteza wakati. Alivuta stuli mpaka mlangoni kwenye mwanga, akamketisha. "Weka mikono chini ya mapaja," alimwambia.

"Ati nini?"

"Ikalie, wuod Alego. Yote miwili. Nataka jicho peke yake."

Alitutazama kana kwamba tumechanganyikiwa, lakini akaikalia. Apiyo akapiga magoti mbele yake, akainua kitabu usawa wa uso, akafyatua.

Niliona shingo ya Ogola ikirudi nyuma. Si kidogo. Alirudi nyuma kama mtu anayekwepa kitu kinachomjia usoni, mpaka stuli ikainua miguu miwili.

"Imekuja," akasema.

Apiyo akafyatua tena.

"Imekuja kwangu. Mdomo. Halafu imeenda." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Rudia. Polepole. Hapo, simamisha."

Apiyo akasimamisha kwenye ukurasa mmoja.

"Imekufa. Mistari tu. Endelea... imeamka." Alitaka kutoa mkono akamate karatasi, akakumbuka ameukalia, akautazama jinsi ulivyobanwa pale chini ya paja, haufanyi kitu. Nje watu walikuwa wanazozana juu ya foleni ya maji, na nilitamani kutoka niwanyamazishe. "Mkono haukuwa hapo," alisema. "Hii ni karatasi. Haina hata mbele na nyuma. Na nimeona."

"Umeona kwa sababu inasonga," Apiyo akasema.

"Sasa nyumba haisongi. Nyundo iko kwa meza, haisongi. Nitafanya aje?"

"Kama kitu kimesimama," Apiyo alisema, "songa wewe."

Ogola, polepole sana, akapeleka kichwa kushoto. Akakirudisha kulia. Alikuwa akitazama birika lililokuwa juu ya jiko. Kushoto, kulia. Akatoa mkono wa kulia chini ya paja, akaunyoosha, na akashika mpini wa birika kwa mara moja, bila kupapasa. Akaliachia kama limemchoma, ingawa moto ulikuwa umezimika zamani. Akalishika tena.

Baada ya hapo hakutulia. Alisimama akaanza kuzunguka chumba, anayumbisha kichwa na kushika: komeo ya mlango, msumari wa kuangikia koti, kisu, sabuni, ukingo wa beseni. Alipokosea alisimama, akayumba zaidi, akarudia. Alikuwa anacheka peke yake. Apiyo alikuwa bado amepiga magoti pale mlangoni na kitabu chake mkononi, anamfuata kwa macho, na mimi hasira zikaanza kunipanda. Nilitaka kumwambia Ogola: umesalimiana na vyombo vyote vya nyumba hii, bado mwenye nyumba.

Kama ni habari za basi mnangoja, liliondoka Jumamosi bila yeye. Jumatatu ile alikuwa uani kwa mjomba kabla ya chai. Wateja walilalamika kwamba fundi wa springi amelewa asubuhi, anayumba mbele ya vaisi, na mjomba akawaambia asiyetaka springi ya mlevi huyo akatafute kwingine. Springi za kwanza zilikuwa mbovu. Za mwezi wa kumi mjomba alizipanga juu ya meza tena. Na Apiyo mwaka uliofuata alihamishiwa meza ya karibu na Mulwa, akawa anaandika kwa penseli, sisi tunatoboa. Karatasi zake nilizisoma kabla ya kuzitoboa, nikajikuta napenda.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Jumapili ile Ogola alimaliza vyombo, akageuka, akamwona mkewe pale sakafuni. Akaacha kucheka. Akachuchumaa mbele yake, akayumbisha kichwa kushoto, akayumbisha kulia, taratibu, mara nyingi, kuliko alivyofanya kwa kitu chochote kingine chumbani mle.

"Nyar Ugenya," alisema, "pua yako imetoka mbele."

"Ilikuwa wapi?" Apiyo akajaribu kucheka, machozi yakamtangulia.

"Sijui. Uso wako wote ulikuwa umelala. Tangu Aprili. Nilikuwa naogopa kukushika. Nitatoa mkono nikupige kidole kwa jicho, na wewe pia ubaki na moja. Nikasema afadhali niende mbali."

Apiyo alifumbua macho yote mawili wazi kabisa, akayaacha hivyo, asipepese. Ogola akayumba mara moja zaidi, akanyoosha mkono. Mkono haukuishia njiani wala haukupitiliza. Ulifika shavuni pake, ukakaa.